Hitilafu Haikai Inapolalamikiwa: Funzo la Waya wa Klachi

Kazi ya kufundisha jambo jipya ina mwongozo wake. Kuna muhtasari, kuna azimio la kazi, na kuna andalio la somo ambalo mwalimu huingia nalo darasani. Lakini kazi ya kutafuta chanzo cha kosa la mwanafunzi haina muhtasari. Kosa hujitokeza lipendapo, huvaa sura ya uvivu au ya uzito wa akili, na mara nyingi humfanya mwalimu akasirike kabla hajafikiri. Ndiyo maana walimu wanachuo wengi hurudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakiwa na lalamiko lile lile: "Nimerudia somo mara tatu, na bado hawaelewi."

Katika makala haya nakusudia kueleza utaratibu wa kutafuta chanzo cha hitilafu. Mfano nitakaoutumia umetoka kwenye ufundi wa magari: ni kufunga waya wa klachi katika gari kuukuu la Volkswagen aina ya Beetle, ambalo jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akilifufua uani kwake. Nilipata nafasi ya kuishuhudia kazi hiyo tangu ilipokwama hadi ilipofanikiwa. Nimeuchagua mfano huu kwa kuwa chombo chenyewe ni chepesi kueleweka, na kwa kuwa jambo lililokaribia kumharibia jina kijana mmoja pale uani ndilo linaloharibu majina ya watoto wengi madarasani.

Gari lenyewe na njia ya waya

Gari hili siku hizi huonekana kwa nadra, kwa hiyo yafaa nilieleze kwa ufupi. Ni lile lenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, lenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa wala si kwa maji. Lilitengenezwa kwa miaka mingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, na katika nchi nyingine kadhaa. La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai, 2003, likakamilisha idadi ya magari 21,529,464. Hapa kwetu Afrika Mashariki lilipata sifa ya uvumilivu, kwani lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati barabara nyingi za mashindano hayo zilikuwa za udongo na mvua ikinyesha zilikuwa matope matupu.

Klachi ni kiungo kinachounganisha na kutenganisha nguvu ya injini na giaboksi. Ndani yake mna sahani iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Sahani ikibanwa, injini na giaboksi huzunguka pamoja. Dereva akikanyaga pedeli, sahani huachiwa, na hapo anaweza kubadili gia bila meno kusagana. Katika Beetle, pedeli iko mbele na klachi iko nyuma kabisa. Kwa hiyo nguvu ya mguu husafirishwa na waya mrefu wa chuma. Kitanzi cha mwanzo wa waya huangikwa kwenye ndoano ya pedeli. Kutoka hapo waya huingia katika bomba jembamba lililochomelewa ndani ya handaki la chuma linalopita katikati ya sakafu ya gari. Ukitoka handakini upande wa nyuma, hupita ndani ya ala fupi inayonyumbulika, na mwisho wake wenye nyuzi za skrubu hupenya kwenye mkono wa klachi ulio ubavuni mwa giaboksi, ukafungwa kwa nati yenye mabawa.

Ni muhimu mwalimu aielewe kazi ya ala hiyo, kwa maana humo ndimo lilimo fumbo lote. Waya ulio ndani ya ala hujulikana kwa jina la Ernest Bowden, aliyesajili ubunifu wake nchini Uingereza mwaka 1896, na breki za baiskeli nyingi hutumia kanuni hiyo hiyo. Watu wengi hudhani kwamba waya ndio unaofanya kazi peke yake na ala ni nguo tu ya kuukinga na vumbi. Sivyo. Kadiri waya unavyovuta, ndivyo ala inavyosukuma kwa nguvu iliyo sawa, upande ulio kinyume. Ala isiposhikiliwa imara kwenye ncha zake zote mbili, itasogea yenyewe, na mvuto wa waya utapotea bure. Katika Beetle, ncha ya mbele ya ala huegemea bomba lile la handakini, na ncha ya nyuma huegemea kishikizo kilichofungwa kwenye giaboksi.

Kijana na nati

Jirani yangu alikuwa amelihifadhi gari hilo bandani kwa miaka mingi. Alipostaafu aliamua kulifufua. Injini ilifunguliwa ikafungwa upya, bodi ikapigwa rangi, na sahani mpya ya klachi ikawekwa. Lakini gari lilipowashwa, kila gia ya kurudi nyuma ilipoingizwa ilipiga kelele ya kusagana. Na lilipoanza kuondoka, lilitetemeka kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba.

Kijana aliyekuwa akifanya kazi hiyo alihisi kwamba waya ndio mbovu, na dhana yake haikuwa ya kipuuzi, kwa maana waya hukatika na huchakaa. Akaweka waya mpya. Kelele ikabaki. Akakaza nati yenye mabawa, na kwa siku mbili gia ziliingia kwa utulivu. Siku ya tatu kelele ilirudi. Akakaza tena. Safari hii pedeli haikuwa na ulegevu wowote, na gari lilipopanda kilima injini ilivuma kwa nguvu lakini mwendo haukuongezeka, maana klachi ilikuwa inateleza. Akalegeza nati, na kelele ikarejea kama ilivyokuwa. Akaweka waya wa pili, wa duka jingine.

Hapo mwenye gari akapoteza subira. Mbele ya watu watatu, nami nikiwa mmojawapo, alisema, "Huyu kijana hana mkono wa ufundi." Kijana aliinama akafuta spana zake kimya. Hakuwa mvivu, maana kila siku alifika mapema kuliko sisi sote. Alikuwa akifanya kwa bidii kazi ambayo haikuhitajika.

Ndugu mwalimu, tuitazame nati ile. Nati huwekwa mahali panapofikika kwa urahisi, na ndiyo sababu kila mtu huikimbilia. Ukiikaza, unauondoa ulegevu uliopo, na dalili hufifia kwa muda. Lakini kama kuna kitu kinachosogea mahali ambapo hakipaswi kusogea, nati huficha tu upungufu huo, kisha huleta dhara jingine: beringi ya klachi hubaki ikigusa wakati wote, na sahani huanza kuungua. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Fundi mzee alivyoifuata njia

Siku iliyofuata aliitwa fundi mzee aliyewahi kuyatengeneza magari ya aina hiyo katika ujana wake. Baada ya kuamkiana na kunywa maji, hakugusa spana. Aliketi juu ya kigoda, akauliza.

"Mwalimu, kelele hii ilianza lini?"

"Tangu tulipolitoa bandani, fundi. Zamani halikuwa hivi."

"Na kutetemeka?"

"Vyote vilianza pamoja."

Akamgeukia kijana. "Kijana wangu, waya wa kwanza ulioutoa uko wapi?"

"Niliuweka kule kwenye chuma chakavu, mzee."

"Kaulete."

Waya wa zamani na waya mpya zikalazwa chini sambamba. Urefu ulikuwa sawa. Jambo hili si dogo, kwa sababu nyaya za Beetle zilitofautiana urefu kwa miaka ya gari na kwa aina zake, na waya usio wa gari husika unaweza kumsumbua fundi siku nzima bila kumfunulia siri yake. Fundi akasema, "Waya hauna kosa," nao ukatolewa katika orodha ya watuhumiwa.

Kisha akaibonyeza pedeli kwa mkono, si kwa mguu, ili ahisi ni wapi ulegevu unaishia na uzito unaanzia. Katika Beetle ulegevu huo unatakiwa uwe baina ya milimita 10 na 20. Baada ya hapo alitaka kujua jambo moja tu: je, mwendo unaoingia mbele unatoka wote nyuma? Gari likanyanyuliwa kwa jeki, likategemezwa juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa magogo, na injini ilikuwa imezimwa. Kijana aliingia chini na rula ya darasani ambayo mwenye gari aliitoa ndani. Fundi alikanyaga pedeli hadi mwisho, na kijana akapima mkono wa klachi umesogea kiasi gani. Pedeli ilikwenda mbali, mkono ukajongea kidogo tu.

Kwa kipimo hicho kimoja, swali lilikuwa limepungua. Kasoro haikuwa ndani ya klachi, maana mkono wenyewe haukuwa umepewa mwendo wa kutosha wa kuifanya klachi iachie. Kasoro ilikuwa kabla ya mkono, mahali fulani kati ya pedeli na nati. Fundi akaikagua ncha ya mbele: kitanzi kilikuwa kimekaa vizuri kwenye ndoano, ndoano haikuwa imelika, na kizuizi cha pedeli kilikuwa mahali pake. Kwa hiyo mwanzo ulikuwa mzima. Kikabaki kipande cha kati, kile kisichoonekana.

Fundi akamwambia kijana, "Sasa usiutazame mkono. Shika pale ala inapotoka handakini. Funga macho." Pedeli ikakanyagwa. Kijana akasema, "Mzee, bomba linaingia ndani." Pedeli ikaachwa. "Linarudi." Na kila liliporudi, ulisikika mlio mdogo chini ya sakafu, kama kidole kinachogonga debe.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba bomba la kuongozea waya lilikuwa limebanduka mahali lilipochomelewa ndani ya handaki. Waya ulipovuta, ala ilisukuma. Na bomba lililopaswa kuizuia ala halikuwa na kitu cha kuling'ang'ania. Sehemu kubwa ya nguvu ya mguu ilitumika kulisogeza bomba badala ya kuusogeza mkono wa klachi. Waya mia moja mpya zisingeiponya hitilafu hiyo. Fundi akasema mbele ya wote: "Kijana alifunga waya sawasawa. Kilichovunjika kilivunjika zamani, tena chini ya sakafu." Mwenye gari aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda mwenyewe kumletea kijana chai.

Matengenezo na hitilafu ya pili

Kazi ya kulichomelea bomba ilichukua siku nzima, kwa sababu maandalizi yake hayakubali haraka. Bomba la petroli la Beetle hupita ndani ya handaki hilo hilo. Kwa hiyo tangi liliondolewa, bomba la petroli likatolewa mafuta yote na kusafishwa, betri ikafunguliwa, na ndoo za mchanga zikawekwa karibu. Kisha dirisha dogo likakatwa ubavuni mwa handaki, bomba likarudishwa mahali pake na kuchomelewa, na dirisha likazibwa. Waya ulipakwa grisi, ukapitishwa tena kutoka mbele kwenda nyuma, na msaidizi akaizuia pedeli isilale mbele, ili kitanzi kisichomoke kwenye ndoano kabla nati haijafungwa.

Gari likawashwa. Gia ya kurudi nyuma iliingia bila sauti. Tulishangilia, lakini fundi hakushangilia, kwa kuwa gari lilipoondoka lilikuwa bado linatetemeka. Kumbe hitilafu zilikuwa mbili, na kelele ya kwanza ilikuwa imetufanya tuzidhani kuwa moja.

Kwa hitilafu ya pili fundi alikwenda moja kwa moja kwenye ala. Ala hiyo haitakiwi kunyooka. Yapasa inepe kidogo, na mnepo wake kwenye sehemu ya chini kabisa huwa baina ya milimita 25 na 45. Injini na giaboksi hukaa juu ya mipira, nazo hutikisika wakati gari linapoanza kuvuta. Ala iliyonyooka haina nafasi ya kuufuata mtikisiko huo, kwa hiyo mtikisiko huhamia kwenye waya, na klachi hushika na kuachia kwa mpigo. Ala ikinepa kupita kiasi nayo ni kosa, maana waya husuguana nayo ukaliwa. Kijana alipima kwa rula ile ile, akakuta ala imenyooka karibu kama mkuki. Washa kadhaa ziliingizwa kati ya ncha ya ala na kishikizo cha giaboksi, ala ikanepa kiasi kilichotakiwa, na nati ikarekebishwa upya ili pedeli ipate ulegevu wake. Gari liliondoka taratibu.

Angalieni kwamba mambo hayo mawili hayakufanywa kwa pamoja. Kama fundi angechomelea bomba na kuweka washa kwa wakati mmoja, gari lingepona, lakini pasingekuwa na mtu wa kusema kwa uhakika ni dawa ipi iliyotibu ugonjwa upi.

Utaratibu unaohamishika

Katika kazi ya fundi yule nimeona hatua tano ambazo mwalimu anaweza kuzihamishia darasani.

Kwanza, aliuliza kabla ya kugusa. Alitaka kujua hitilafu ilianza lini na imekwisha kufanyiwa nini.

Pili, alilinganisha. Waya wa zamani uliwekwa kando ya mpya, na mwendo wa mbele ukapimwa dhidi ya mwendo wa nyuma.

Tatu, aligawa njia katika vipande, akakithibitisha kila kipande kuwa ni kizima au ni kibovu, mpaka kikabaki kimoja.

Nne, alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Tano, alipima tena baada ya kila badiliko, na hakudanganywa na furaha ya mafanikio ya nusu.

Sasa tuje darasani. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimsimamia alinionyesha daftari la msichana wa Darasa la III. Hesabu za kutoa zilikuwa na alama za makosa ukurasa mzima, na chini yake palikuwa pameandikwa neno moja kwa wino mwekundu: "Mzembe." Mtoto huyo alikuwa ameanza kukosa shule siku zenye hesabu. Dawa aliyokuwa akipewa ni hesabu kumi zaidi za aina ile ile kila siku. Ndiyo nati yenye mabawa: iko karibu, ni rahisi kuikaza.

Tuliketi na daftari tukalisoma kama fundi alivyozisoma nyaya zilizolazwa chini. 52 toa 38, mtoto ameandika 26. 71 toa 46, ameandika 35. 40 toa 17, ameandika 37. Lakini 68 toa 25, ameandika 43, na hiyo ni sahihi. Mzembe hakosei kwa utaratibu. Mtoto huyu alikuwa na utaratibu usioyumba. Katika kila safu alikuwa akitoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa, iwe juu au iwe chini. Panapohusika kukopa, hukosa kila mara. Pasipohusika, hupata kila mara.

Nikamshauri mwanachuo amwite mtoto kwa upole, asimsahihishe, ila amwombe aeleze anavyofanya. Mtoto akasema, "Mwalimu, kubwa haitoki katika ndogo." Hiyo ni kanuni aliyoipokea alipokuwa akijifunza kutoa namba zisizozidi kumi, na kwa daraja lile ilimtosha. Aliendelea kuitumia kwa uaminifu mahali ambapo haifai tena. Chanzo hakikuwa katika Darasa la III hata kidogo; kilikuwa nyuma, chini ya sakafu.

Ilibaki kukijua kipande hasa kilichobanduka. Mwanachuo alimpa mtoto vijiti 52, akamwambia avifunge kumikumi. Mtoto akavifunga mafungu matano na kubakiwa na viwili, bila shida. Alipoambiwa atoe vijiti 38, alitoa mafungu matatu, akavitazama viwili vilivyobaki, akasimama. Hakufikiria kwamba fungu linaweza kufunguliwa. Alijua kufunga kumi, lakini hakujua kwamba kumi moja ni mamoja kumi wakati wowote unapoyahitaji. Siku kadhaa za kufungua na kufunga mafungu zilifuata, bila hesabu hata moja ya kuandika. Ndipo tarakimu zikarudi, kidogo kidogo, huku kila hesabu ikifanywa kwanza kwa vijiti. Baada ya majuma mawili mtoto alitoa 38 katika 52 akapata 14, akaihakiki mwenyewe kwa kujumlisha. Neno lile jekundu mwanachuo alilifunika kwa karatasi.

Zoezi la waya wa baiskeli

Yafaa pia wanafunzi wenyewe wafundishwe utaratibu huu, wala haihitajiki motokaa. Mwalimu atafute waya wa breki ya baiskeli pamoja na ala yake; mara nyingi wa zamani hupatikana kwa fundi baiskeli bila gharama. Katika kipindi cha dakika 40 cha sayansi, madarasa ya juu, kazi inaweza kwenda hivi.

Wanafunzi wawili washike ncha za ala kwa nguvu, mmoja kila upande, na wa tatu avute waya. Uzito mdogo, kama vile jiwe lililofungwa kwenye ncha ya pili ya waya, utasogea. Kisha mshikaji mmoja aambiwe aiachie ala, na waya uvutwe tena. Ala itajongea na jiwe litabaki lilipo. Mwalimu asieleze upesi. Awaulize: "Waya umekatika? Mvutaji amechoka? Kitu gani kimebadilika?" Kutokana na majibu yao kanuni itapatikana: waya hauvuti isipokuwa ala imeshikiliwa.

Hatua ya pili ni fumbo. Mwalimu aifunike sehemu ya katikati kwa kitambaa akiwa ameficha hitilafu moja: kishikizo kilicholegezwa, au ala iliyopindwa kupita kiasi, au waya uliofungwa kwa uzi mahali fulani ili usiteleze. Kila kundi litafute chanzo bila kufunua kitambaa, likiandika daftarini lilichouliza, lilichopima na lilichokiondoa katika orodha. Kundi lililobahatisha kwa haraka lisipewe alama zaidi ya kundi lililofuata njia. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule zimkuze mtoto mwenye akili ya kudadisi. Udadisi huo haukuzwi kwa kuhimizwa kwa maneno. Hukuzwa kwa mazoezi ambayo mtoto anaruhusiwa kutojua kwa muda huku akitafuta.

Mpaka wa mfano

Hapana budi kueleza mahali ambapo mfano huu unakoma. Mtoto si gari. Gari halioni haya likilalwa chini na kukaguliwa, wala halisikii likiitwa bovu. Mtoto husikia. Fundi anaweza kukosea mara tatu akatupa waya tatu, na hasara yake ni fedha. Mwalimu akikosea mara tatu kuhusu mtoto, mtoto mwenyewe huanza kukubali kwamba yeye ndiye kasoro, na akiisha kukubali, huacha kuuliza. Kwa hiyo utaratibu wa fundi darasani yapasa uendeshwe kwa sauti ya chini, pembeni ya meza, na mtoto awe mshiriki katika utafutaji kama kijana yule alivyofanywa kuwa mshiriki, akapewa rula, akaambiwa ashike na aseme anachokihisi.

Aidha, mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumkagua kila mmoja kwa njia hii kila siku. Hilo ni kweli, wala halipingiki. Lakini makosa ya watoto hayako mengi kama watoto wenyewe. Mwalimu akiyakusanya madaftari na kuyapanga kwa aina ya kosa badala ya kuyapanga kwa alama, ataona kwamba watoto 20 waliokosa wana makosa ya aina tatu au nne tu, na makundi matatu au manne yanaweza kushughulikiwa.

Ndugu walimu wanachuo, mtakapokwenda katika shule za mazoezi mtaikuta nati yenye mabawa kila mahali. Itakuwa zoezi la kurudia, au adhabu, au neno la wino mwekundu. Kabla hamjaikaza, semeni na mtoto, linganisheni kazi zake anazopata na anazokosa, rudini nyuma darasa moja au mawili, na mthibitishe kila kipande cha njia aliyopitia. Mkikuta kilichobanduka, kirudisheni mahali pake. Kisha pimeni tena, maana huenda pana cha pili.